Kusokota kwa Pamoja: Mhadhara kwa Wasokotaji wa Lindi

Mhadhara huu ulitolewa Jumamosi mchana mbele ya kikundi cha wasokotaji na wasusi, Lindi Mjini. Umeandikwa kama ulivyosemwa, pamoja na maswali mawili ya mwisho.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Mama zangu shikamooni, dada zangu habari za mchana, na nyinyi akina kaka mliokaa karibu na mlango ili mtoke upesi, karibuni mbele, nafasi zipo.

Mwenyekiti aliniomba nizungumzie faida za umoja. Nikamwambia, mama, hizo mmeshahubiriwa na kila kiongozi aliyepita hapa. Mimi nitaanza na hesabu.

Tuseme unataka kitambaa cha upana wa mita moja na urefu wa mita mbili. Cha kawaida tu, nyuzi 10 kwa kila sentimita, mtande (nyuzi za urefu) na mshindio (uzi unaopita kati yake). Mtande ni nyuzi 1,000, kila uzi mita mbili: hizo mita 2,000. Mshindio unapita mara 2,000, kila mara mita moja: mita 2,000 nyingine. Jumla kilomita nne za uzi, na hapo sijaweka uzi unaokatika wala unaobaki kwenye ncha. Sasa mpe kazi mtu mmoja mwenye kijiti cha mkono, kile kinachozungushwa ili kusokota uzi. Tuseme mkono wake ni mwepesi, anatoa mita 50 kwa saa. Ni saa 80. Akisokota saa mbili kila jioni baada ya kuosha vyombo, ni siku 40 bila kuumwa, bila msiba, bila mgeni. Nani hapa Lindi anakaa siku 40 bila mgeni?

Mfumaji hahitaji muda wote huo. Uzi ukiwepo, anamaliza mapema, halafu anakaa anawasubiri nyinyi. Ndiyo maana popote watu walipofuma kwa mkono, mfumaji mmoja alizungukwa na wasokotaji kadhaa. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, kazi yenyewe ndiyo iliyodai.

Na popote hapo ni pamoja na hapa kwetu. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa Kisiwani miaka ya 1960, pamoja na misikiti na majumba ambayo watalii hupigia picha, alikuta vigae vya vyungu vilivyosagwa vikawa duara, na katikati vimetobolewa tundu. Vilivalishwa kwenye kijiti ili kiwe na uzito wa kuzunguka. Chungu kimevunjika jikoni, mama hatupi kigae, anakisaga kwenye jiwe, anakitoboa, anasokotea. Wareno walipoiteka Kilwa mwaka 1505, maelezo ya safari yao yalitaja pamba kuwa imelimwa kisiwani kwa wingi. Mambo ya dhahabu ya Sofala na masultani tulifundishwa shuleni, na ni kweli. Ila vile vigae vya mama vimekaa kwenye makabati ya makumbusho, na mwalimu wa historia anavipita.

Nina jambo jingine la zamani ninalolipenda zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Barbosa aliandika kuhusu Waislamu wa Sofala, kule Msumbiji ya leo. Walifuma pamba nyeupe, lakini rangi ya buluu hawakuwa na ujuzi wa kuitia. Wakafanya nini? Walinunua vitambaa vya buluu kutoka Cambay, India, wakavifumua uzi kwa uzi, wakaufuma uzi ule upya pamoja na mweupe wao. Wafumaji wa Pate, kisiwa cha Kenya ya leo, nao walifanya hivyo kwa hariri. Kwa hiyo yule dada aliyeniuliza pale nje, kwa sauti ya chini, kama ni aibu kufumua masweta ya mitumba ili kupata uzi: dada, una ukoo mkubwa. Fumua.

Ufundi huu uliondokaje? Nguo ya bei rahisi ilikuja na majahazi na meli. Kuanzia miaka ya 1830 Wamarekani wa Salem, Massachusetts, walimwaga shuka nyeupe Unguja kwa wingi hivi kwamba hadi leo bibi zetu wanaiita merikani. Ilisafirishwa pwani nzima na bara hadi maziwa makuu. Ushindani wa kiwanda na kijiti haukuwa na mjadala. Mtu ana saa 80 za kusokota, au ana mzigo wa kuuza anunue shuka siku hiyo hiyo. Mimi siwalaumu waliochagua shuka. Hata mimi ningechagua.

Halafu pamba ilirudi kwetu kwa sura nyingine. Wazee wa Kilwa hawahitaji kuambiwa. Julai 1905, Nandete, kwenye milima ya Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba kwenye shamba la serikali ya Wajerumani, na Vita vya Maji Maji vikaanzia hapo. Mmea ni ule ule wa Kilwa ya zamani. Lakini pamba hii ililimwa kwa amri ya jumbe na akida, kwa siku zilizokatwa kwenye shamba la mtu mwenyewe, na ilikwenda kusokotwa ng'ambo. Aliyeipalilia hakuuona uzi wake. Ninalisema hili kwa sababu mara kwa mara atakuja mtu na gari zuri awaambie, kikundi chenu kilime hiki, kizalishe kiasi hiki, soko lipo. Muulizeni kwanza, uzi utausokota nani?

Kulima pamba kwenyewe hamruhusiwi, kwa taarifa yenu. Kwa miaka mingi kilimo cha pamba kimezuiwa mikoa hii ya kusini kwa sababu ya funza mwekundu wa vitumba, ili asienee hadi kwenye mashamba ya Kanda ya Ziwa. Kwa hiyo pamba tunayoitumia hapa ni ile iliyokwisha kuchambuliwa, imetolewa mbegu, imenunuliwa mbali. Ni ghali kidogo, ndiyo. Msiniletee mbegu kwenye mkoba kutoka Shinyanga kwa ajili ya "kujaribu tu miche miwili nyuma ya nyumba".

Na sufi? Swali hili linakuja kila mahali ambapo msufi umesimama barabarani. Sufi haisokoteki vizuri peke yake. Nyuzinyuzi zake ni fupi na zinateleza, hazishikani, uzi unaachia ukiwa bado mkononi. Iacheni kwenye mito.

Sasa nisogee meza hii, na walioko nyuma simameni. Huu ni uzi mmoja wa pamba. Nimeusokota kijiti kikiwa kimesimama kwenye kifuu, maana pamba ina nyuzinyuzi fupi na ukining'iniza kijiti kizito hewani uzi unakatika. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unavuta kwa mshazari. Tazameni hapa kwenye vidole: pamba haivutwi kwa nguvu, inaachiwa. Msokoto unapanda wenyewe, unakuta pamba imelegea, unaikaza. Uzi huu nikiulegeza, mnaona? Unajikunja, unajiviringisha kama una hasira. Hauna utulivu. Nauchukua mwingine uliosokotwa upande huo huo, naziweka pamoja, halafu nazungusha upande wa pili, kinyume. Kila uzi unataka kujifungua, na katika kujifungua unamkaza mwenzake. Sasa nimeuachia. Umelala. Shikeni mvute. Wa kwanza ulikatika kwa kidole, huu unahitaji meno.

Wasusi wa ukili hapa wanacheka kwa sababu hawahitaji somo hili. Mtu aliyechemsha miyaa na rangi, akasuka ukili kwa pima, akashona mkeka wa harusi, vidole vyake tayari vina akili. Kwa kweli walionipa moyo kwamba kusokota kutashika Lindi ni hao. Wakikaa barazani kila mtu ana ukili wake, mdomo unaongea, mkono unakwenda, na mtoto mchanga amelala katikati kwenye jamvi. Kusokota kunataka kikao cha namna hiyo hiyo.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani hawana shida ya nguo, lakini wanakutana kusokota. Uingereza vikundi vya wafumaji, wasokotaji na watia rangi vina muungano wao tangu 1955. Wanakuja na magurudumu yao, wanagawana manyoya ya kondoo, wanaazimana vifaa na vitabu, mwenye ujuzi anamfundisha mgeni. Marekani wana mashindano ambayo yangewafurahisha: kondoo anakatwa manyoya mbele ya watu, wanayasokota papo hapo, na mfumaji anafuma shali, yote ndani ya saa chache. Kwa kawaida timu ni mkata manyoya mmoja, wasokotaji watatu na mfumaji mmoja. Umeona? Hesabu yetu ya mwanzo, wao wameifanya mchezo.

Nimeambiwa hapa mnakutana Jumatano, na kwamba mahudhurio yanaporomoka kuanzia Oktoba. Bila shaka yanaporomoka. Ni korosho. Msiandike kwenye daftari kuwa ni utoro. Fungeni kazi msimu wa korosho, mfungue baadaye, mtu asijisikie mkosaji kwa kuokota korosho za kwake. Na ile desturi yenu ya kila mtu kuja na kitu, ming'oko, mihogo, chai ya rangi, msiache hata siku mtakapokuwa na ofisi. Nimeona vikundi vilivyohamia ofisini vikabaki na mihuri tu.

Kuhusu pesa nitasema kifupi. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, haina riba na ni haki yenu kuomba. Lakini kikundi kilichozaliwa kwa ajili ya mkopo hufa siku mkopo ukilipwa, au siku usipolipwa. Anzeni na mchezo wenu wa kuchangiana pesa kila wiki, mjuane nani anatoa kwa wakati. Na msiuze uzi. Mmeshaona hesabu ya saa 80, hakuna mteja atakayelipa saa hizo kwa uzi mtupu. Uzeni kilichofumwa au kilichoshonwa, tena pindo la uzi wa mkono kwenye mkoba wa ukili linatosha kubadilisha bei. Mkoba ule wa meza ya tatu, wenye pindo la buluu, aliyeutengeneza asikubali bei ya kwanza.

Naona mikono. Mama pale.

Anauliza kuhusu mkonge, maana mashamba ya mkonge tunayo hapa Lindi. Mkonge unasokoteka, tena una nyuzi ndefu karibu mita moja, ila hausokotwi kwa kijiti chepesi. Unasokotewa pajani, kama kamba ya usumba. Lowesha kwanza, na weka kitambaa kwenye paja kwa sababu unakuna. Utakupa kamba na mazulia, usitegemee kanga.

Na kaka wa mlangoni anauliza kama wanaume wanaruhusiwa. Kaka, wewe ni mvuvi, nimekuona ufukweni unatengeneza jarife, na fundo zako ni nzuri kuliko za mwenyekiti. Unaruhusiwa. Kiingilio ni kile kile, mchezo wa wiki ni ule ule, na zamu ya kuosha vikombe utapangiwa kama wengine.