Paris, Roma, Venice: kwa nini watu wanarudi wamenuna

Jamani, habari zenu. Swali mnalotuuliza sisi tunaoishi huku Ulaya ni lile lile, linakuja kila wiki limebadilisha nguo tu: "Hivi Ulaya ni kweli kama tunavyoiona, au tunadanganywa?" Nikijibu kwamba sehemu nyingi haziendani na sifa zake, naambiwa nimeshiba ndiyo maana nadharau. Nikisema ni kuzuri, naambiwa najisifu. Basi leo natoa vipimo, ada na tarehe, kila mtu apige hesabu zake. Baridi na ughali mnavijua, sivirudii.

Tuanze na Mona Lisa, ule mchoro maarufu wa mwanamke ulioko jumba la makumbusho la Louvre, Paris, maana ndiyo inayoongoza kwa kununisha watu. Ni sentimita 77 kwa 53. Hiyo ndiyo picha nzima, ukubwa wa dirisha dogo la choo. Iko nyuma ya kioo kisichopenya risasi, mbele yake kuna uzio, na kati ya uzio na wewe kuna msitu wa mikono iliyoinua simu. Ukifika mbele, walinzi wanakuhimiza usogee. Lakini geuka nyuma. Ukuta wa pili wa ukumbi huohuo kuna mchoro wa Harusi ya Kana wa Veronese, mchoraji wa Kiitaliano, karibu mita 7 kwa mita 10, mkubwa kuliko michoro yote ya Louvre, na watu wameupa mgongo. Kwa maoni yangu huo peke yake unalipa kiingilio, ila macho ni ya mtu binafsi.

Wengi wanadhani picha za matangazo zimetengenezwa kwa kompyuta. Mara nyingi si hivyo. Mpiga picha anarudi nyuma, anainama chini, anavuta kwa lenzi ndefu. Sanamu inajaza picha, kilicho pembeni kinatoweka. Ndivyo Nguva Mdogo wa Copenhagen anavyoonekana jitu, kumbe ana mita 1 na robo tu. Manneken Pis wa Brussels, sanamu ya mtoto anayekojoa, ana sentimita 55 na nusu, na yule wa mtaani ni nakala. Wa asili yuko kwenye makumbusho ya jiji. Nje ya Ulaya ndiyo usiseme. Lango la hekalu la Lempuyang kule Bali, Indonesia, lile linaloakisiwa kwenye ziwa, halina ziwa. Mpiga picha anaweka kipande cha kioo chini ya lenzi ya simu, basi.

Kwa hiyo kabla hujapanga kwenda kuona kitu chochote, tafuta kimo chake. Kisha tafuta picha iliyopigwa kutoka pale kinaposimama kitu chenyewe, ikiwaangalia watu. Hiyo ndiyo itakayokuonyesha siku yako itakavyokuwa. Angalia na mwezi: Desemba, Copenhagen jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Ukitoka hotelini saa tano, umebakiwa na nini?

Sasa tufike penye maumivu, yaani makaratasi. Mimi naamini watu wetu hawanuni kwa sababu ya udogo wa sanamu. Wananuna kwa sababu kalenda ya viza na kalenda ya tiketi zinagongana, na hakuna aliyewaambia mapema.

Fuatana nami. Ada ya viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika kwa nchi nyingi za Ulaya, kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, hairudishwi ukikataliwa. Juu yake kuna ada ya huduma ya kituo kinachopokea maombi, halafu wanakuwekea vitu vya kuongeza: ujumbe wa simu, kutoa nakala, sebule ya kungojea yenye viti laini. Hivyo vya kuongeza ni hiari. Havikusogezi hata hatua moja karibu na viza, maana uamuzi unafanywa na ubalozi. Maombi hujibiwa ndani ya siku 15, ila sheria inawaruhusu kuvuta hadi 45.

Geukia tiketi. Tiketi za lifti ya mnara wa Eiffel kule Paris huanza kuuzwa takriban siku 60 kabla. Nyumba ya Anne Frank kule Amsterdam, alikojificha yule binti wa Kiyahudi aliyeandika shajara wakati wa Wanazi, huuza mtandaoni tu, kila Jumanne, kwa tarehe za wiki 6 mbele, na zinakwisha haraka. Colosseum, ule uwanja wa kale wa Roma, hufungua mauzo siku 30 kabla, na tangu 2023 tiketi ina jina lako, wanalinganisha na kitambulisho mlangoni. Andika kama pasipoti inavyosema, siyo jina unaloitwa nyumbani.

Umeona mgongano? Mtu anapeleka maombi mwezi mmoja kabla ya safari, viza inatoka imebaki wiki moja, anafungua mtandao: zote zimekwisha. Zilizobaki ziko kwa walanguzi na kampuni za ziara, bei mara mbili au zaidi. Anafika, anauangalia mnara kutoka barabarani, anarudi anasema Ulaya ni uongo.

Dawa yake haina gharama. Sheria inakuruhusu kuomba hadi miezi 6 kabla ya safari. Omba miezi 4 kabla, uamuzi ukufikie tiketi zikiwa hazijaanza kuuzwa. Peleka nafasi ya ndege uliyoshikiwa, usilipe tiketi kamili kabla ya jibu. Hoteli chagua inayokubali kufutwa bila makato. Bima iwe ya angalau euro 30,000, ifanye kazi nchi zote za Schengen, na isiishe siku moja kabla ya kurudi kwako, maana hapo wengi wanajikwaa. Pasipoti iwe na angalau miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka Schengen, kurasa 2 tupu, na isiwe imetolewa zaidi ya miaka 10 iliyopita. Kama ulishachukuliwa alama za vidole, zinaweza kutumika tena kwa miezi 59, kwa hiyo uliza kabla ya kupanda basi kwenda mjini.

Na uombe nchi utakayolala usiku mwingi zaidi. Usiombe Ufaransa kwa sababu umesikia ni rahisi, halafu hoteli zako zinaonyesha usiku 3 Paris na 6 Roma. Afisa anahesabu.

Hapa naomba nitoe la moyoni. Mialiko ya kuombea viza. Mnatuomba mwaliko siku kumi kabla, kama vile ni kadi ya harusi. Ufaransa mwenyeji anakwenda manispaa na hati zake za nyumba na kipato, analipia. Ujerumani anayesaini dhamana anabeba gharama zako zote, mpaka za kukurudisha ukikwama. Tukisita tunaitwa wachoyo. Na mwaliko haufuti taarifa ya benki. Hela iliyoingia kwa mkupuo wiki moja kabla ya maombi inaonekana vizuri tu.

La pili la moyoni ni viingilio. Tangu Januari 2026 Louvre inawatoza wasio raia wala wakazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya (nchi za Umoja wa Ulaya pamoja na Norway, Iceland na Liechtenstein) euro 32. Mkazi wa huku mwenye chini ya miaka 26 anaingia bure. Kwa hiyo binamu wawili wa miaka 22, mmoja ana kibali cha ukazi, mwingine ana viza ya utalii: mlango mmoja, bei mbili. Aliye chini ya 18 ni bure popote atokako, kwa hiyo wazazi msilipie watoto. Jumanne wamefunga. Jumatano na Ijumaa wako wazi hadi saa tatu usiku, ndio muda ninaoupendekeza.

Venice kwa kifupi: kuna siku maalumu za msimu wanatoza wanaokuja na kuondoka siku hiyohiyo, euro 5 ukiwahi kujiandikisha, 10 ukichelewa. Ukilala ndani ya jiji hulipi, lakini lazima ujisajili mtandaoni kupata msamaha. Asiyejua hilo anapigwa faini ilhali ana haki. Kodi ya kulala nayo, Venice na Roma, mara nyingi haimo kwenye bei ya mtandaoni. Wanaidai mapokezi, kwa kila mtu, kila usiku.

Haya ni maoni yangu na hali zinatofautiana. Ubalozi wako ndio wenye neno la mwisho. Mwenye barua ya kukataliwa, niandikie ni sababu ipi imewekewa alama, maana fomu ni ile ile kwa nchi zote, na muda wa kukata rufaa uko chini ya barua hiyohiyo, usiuache upite. Ila picha ya pasipoti usinitumie.