Nani Analala Saa Hii?

Akina mama, akina baba, na ninyi mnaosubiri kuitwa hivyo wiki chache zijazo, habari za asubuhi. Nawashukuru wote mliofika, na zaidi mliokuja na watoto. Mtoto akilia, msitoke nje kwa kuona haya. Nyonyesheni, badilisheni nepi, simameni mtembee naye humu humu ukumbini. Mimi nitaendelea kusema.

Nimeombwa nizungumzie miezi ya mwanzo ya ulezi. Nikialikwa kwa mada hii, wengi hutarajia niwafundishe kumshika mtoto, kumwogesha na kumfunga nepi. Hayo utayamudu ndani ya wiki moja, hata kama hujawahi kumpakata kichanga maishani mwako. Leo nataka tuzungumze juu ya usiku. Nimekaa na wazazi wapya kwa muda mrefu katika kazi yangu, na kwa nionavyo mimi, nyumba nyingi zinazoyumba miezi hii haziyumbi kwa kukosa upendo wala kwa kukosa maarifa. Zinayumba kwa sababu wenye nyumba hawajalala, na hawakuwahi kukaa chini wakakubaliana nani alale lini.

Tumtazame mtoto kwanza. Kichanga hulala sana, mara nyingi kati ya saa 14 na 17 katika siku nzima. Mzazi mtarajiwa akisikia hivyo hupumua. Lakini saa hizo huja vipande vipande, mbili hapa, tatu pale, na kwake usiku na mchana havina tofauti. Ile saa ya mwili inayotufanya sisi tusinzie giza likiingia, yeye hajaipata bado. Huanza kujipanga polepole kati ya wiki ya 6 na ya 12, na wapo wanaochelewa zaidi ya hapo. Kwa hiyo mtoto wa wiki tatu aliye macho saa nane za usiku hajaharibiwa kwa kubebwa mno, wala hakudekezwa. Ndivyo mwili wake ulivyo kwa sasa. Mkilijua hilo mapema mtaacha kutafutana mchawi ndani ya nyumba.

Kisha kuna tumbo lake. Ni dogo, na maziwa ya mama husagika upesi, ndiyo maana hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Kila mara hiyo ina nusu saa ya kunyonya au zaidi, kisha kumcheulisha, kumbadilisha, kumbembeleza hadi asinzie. Jumlisheni wenyewe. Hiyo ni kazi ya kutwa, haina Jumapili, na imemwangukia mtu ambaye bado anatoka damu na huenda ana mshono ambao haujapona.

Kuna mume atasema: lakini mimi sina maziwa, nitasaidia nini? Swali hili nalipenda, kwa sababu jibu lake ni refu. Ni kweli kwamba homoni ya prolaktini, inayotengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku, na kunyonyesha usiku katika wiki za mwanzo ndiko kunakojenga maziwa ya miezi inayofuata. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee, bila hata maji, hadi atimize miezi 6. Simwambii mama aruke zamu hiyo. Lakini tazama yale mengine yote. Mtoto akiamka, baba ndiye ashuke kitandani. Ambadilishe nepi, amlete kwa mama aliyejiegemeza kwenye mto, mama anyonyeshe. Akishiba, baba ampokee, amcheulishe, atembee naye, amlaze. Mama atakuwa amekatika usingizi kwa muda wa kunyonyesha tu, na tofauti hiyo, ikirudiwa usiku kucha, ndiyo inayoamua kama kesho yake ataweza kufikiri.

Zaidi ya hapo, kila mtu mzima katika nyumba hiyo anahitaji kipande kimoja kirefu cha usingizi kila siku, kisichokatwa na mtu. Wenzi wengine hupanga hivi: mama ananyonyesha saa mbili usiku na kulala papo hapo, chumba kingine kama kipo, na baba anabaki na mtoto hadi njaa ya kweli itakaporudi. Alfajiri wanabadilishana. Maziwa yakishatulia, kwa kawaida baada ya wiki tatu au nne, mama akipenda anaweza kukamua na zamu moja ikachukuliwa na mwingine kabisa. Anayetumia maziwa ya kopo anaweza kugawana zamu tangu siku ya kwanza, na asiombe radhi kwa mtu yeyote. Ratiba ipi ni bora? Ile ambayo nyote wawili mmeikubali kabla ya kuchoka. Ratiba inayotungwa saa tisa za usiku, mtoto akilia, huwa ni ugomvi.

Na wewe unayelea peke yako, usidhani nimekusahau. Wewe unahitaji mpango huu kuliko wote waliomo humu. Mtafute mtu mmoja au wawili, mama yako, dada, rafiki wa kweli, na uwaombe saa maalumu, siku maalumu. Ukisema tu "nitawaita nikihitaji," hutawaita, maana atakayehitaji atakuwa amechoka mno hata kushika simu.

Hapo ndipo wageni wanapoingia. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Nyumba yenye kichanga ina haki ya kuudai msemo huu kwa ukamilifu wake. Anayekuja kumwona mtoto aoshe mikono, aoshe na vyombo. Afue. Amshike mtoto mama alale saa moja. Mwenye mafua asubiri apone kwanza. Mama mzazi hapaswi kuvaa vizuri na kukaa sebuleni akipokea pongezi huku macho yanamfumba.

Sasa kilio. Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alichapisha utafiti ambao ndani yake mama waliandika kila siku watoto wao wenye afya wamelia kwa muda gani. Ilionekana kilio kinaongezeka kuanzia wiki ya pili hivi, kinafika kilele karibu na wiki ya 6, ambapo wengi walilia karibu saa tatu kwa siku, hasa jioni, kisha kinapungua kuelekea mwezi wa tatu. Hawa hawakuwa wagonjwa. Nawaambia jambo hili kwa sababu wiki ya 6 ndiyo ile ambayo msaada umeshaondoka, likizo ya baba imeisha kama aliipata, na mama anajiambia kwamba kufikia sasa alipaswa kuwa ameshazoea. Mtoto anazidi kulia, naye anaamini ameshindwa. Mama, hujashindwa. Umefika kileleni, na kuanzia hapo kilio huanza kushuka.

Lakini kilio hicho kikikutana na mtu asiyelala, kuna hatari, na nitaisema wazi. Ukihisi hasira inapanda hadi mikono inatetemeka, mlaze mtoto chali mahali salama, funga mlango, toka nje dakika kumi. Piga simu kwa mtu, nawa uso. Kisha rudi umtazame. Mtoto anayelia dakika kumi kitandani kwake hadhuriki. Mtoto anayetikiswa kwa sekunde chache anaweza kuumia ubongo asipone tena. Mwambieni kila atakayeachiwa mtoto, hata msaidizi wa kazi, hata babu.

Na uchovu una hatari nyingine isiyopiga kelele. Mzazi anakaa kwenye sofa na mtoto kifuani, anapitiwa na usingizi, mtoto anateleza na kubanwa kwenye pembe ya mto. Usiku usimnyonyeshee kwenye sofa kama unasinzia. Mtoto alale chali kila mara, juu ya godoro gumu kiasi na lililo sawa, bila mito wala mablanketi mazito karibu na uso. Tangu miaka ya 1990, nchi zilizohimiza wazazi kuwalaza watoto chali zilishuhudia vifo vya ghafla usingizini vikipungua sana, katika baadhi yake kwa zaidi ya nusu. Ni ushauri usiogharimu chochote, na umeokoa watoto wengi.

Nije kwenye moyo wa mama. Kati ya siku ya tatu na ya tano, wengi hulia bila sababu wanayoweza kuitaja. Homoni zimeshuka ghafla, maziwa yanaingia, usingizi hakuna. Mara nyingi hali hiyo hupita ndani ya wiki mbili. Isipopita, tusiseme "atazoea." Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Katika kliniki nyingi duniani hutumika dodoso la maswali 10 lililotungwa Edinburgh mwaka 1987 kuwabaini. Ombeni muulizwe. Lakini kuna swali moja ambalo mume, dada au rafiki anaweza kuuliza nyumbani: mtoto akilala, wewe unaweza kulala? Mama aliyechoka hulala papo hapo. Anayejilaza akabaki macho makavu, moyo unamwenda mbio, mtoto akiwa kimya, huyo anahitaji mtaalamu, na mapema. Akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, au akianza kusikia na kuona visivyokuwepo, ni siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake hata dakika moja.

Baba nao huugua. Tafiti zilizokusanywa pamoja na kuchapishwa mwaka 2010 zilionyesha kwamba karibu baba mmoja katika kumi hupata sonona kipindi hiki. Mara nyingi huonekana kama hasira, kuchelewa kurudi, kukimbilia kazi. Akina baba, mkijiona hivyo, semeni.

Dalili za hatari nitazitaja haraka kwa kuwa mtapewa karatasi yake. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi hasubiri asubuhi. Vivyo hivyo anayekataa kunyonya, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, mwenye degedege, au aliyegeuka manjano hadi viganjani na nyayoni. Mama anayelowesha pedi nzima ndani ya saa moja, mwenye homa, au mwenye maumivu makali ya kichwa, naye apelekwe hospitali mara moja. Na asiyekuwa na dalili yoyote asikose kliniki ya wiki ya 6. Ni yake pia, si ya mtoto peke yake.

Kwenye meza ya nyuma kuna karatasi na kalamu. Kabla ya maswali, naomba kila wawili waketi pamoja, na anayelea peke yake aketi na aliyemsindikiza au na mmoja wa wakunga wetu. Andikeni usiku wa leo, au usiku wa kwanza mtakaorudi nyumbani na mtoto: nani analala kuanzia saa ngapi, nani anashika mtoto, nani anapigiwa simu mambo yakizidi. Mna dakika kumi na tano. Mlio na watoto wanaolia, tuleteeni huku mbele, tutawashika sisi.