Kamba na Nukta Sita

Wazazi wangu, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliokaa huku mbele, asanteni kwa kuja. Najua Jumamosi ni siku ya biashara, na kuna watu hapa wamefunga genge ili waje kunisikiliza.

Nimeombwa nizungumzie watu maarufu wenye ulemavu na mambo makubwa waliyoyafanya. Majina yapo mengi, ningeweza kuwasomea mpaka adhuhuri. Nimechagua wachache, na nitawaambia kwa nini. Kila habari za watu hawa zinaposimuliwa, iwe redioni au kwenye ibada, husimuliwa kama miujiza. "Pamoja na ulemavu wake, ameweza!" Watu wanapiga makofi, wengine wanafuta machozi, kisha wanarudi nyumbani. Nyumba ya pili kutoka kwao kuna mtoto asiyeona, yuko ndani, mlango umeegeshwa. Kwa hiyo leo naomba tuache kidogo kuutazama moyo wa shujaa, tutazame mkono wake. Alishika nini?

Tuanze na jirani yetu wa Kenya, Henry Wanyoike. Alizaliwa mwaka 1974 maeneo ya Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi. Alikuwa kijana anayeona, na mbio zilikuwa ndoto yake. Mwaka 1995, akiwa na miaka 20, kiharusi kilimpata usiku. Asubuhi akaamka macho yamekwenda. Ilimchukua muda mrefu kuinuka tena, na walioanza kumwinua ni wataalamu wa macho wa hospitali ya pale pale Kikuyu.

Sasa, mtu asiyeona kabisa anakimbiaje? Anakimbia na mwenzake anayeona, na kati yao kuna kamba fupi, kila mmoja ameshika ncha yake. Mikono inakwenda pamoja, hatua zinalingana. Kona ikifika, kamba inaisema kabla ya mdomo. Kiongozi haruhusiwi kumvuta mkimbiaji, wala kuvuka mstari wa mwisho mbele yake. Na wakiachana njiani, matokeo yanafutwa.

Mwaka 2000 Wanyoike alikwenda Sydney, kwenye Michezo ya Paralimpiki, mita 5000. Hiyo ni mizunguko 12 na nusu ya uwanja. Kiongozi wake alikuwa ametoka kuugua malaria, na mnaijua malaria inavyomwacha mtu. Karibu na mwisho miguu ya kiongozi ikagoma. Pale asiyeona akawa ndiye anayemvuta anayeona. Wanyoike hakuiachia ile kamba. Alimkokota mwenzake hadi mstarini na akachukua dhahabu. Miaka minne baadaye, Athens, alikimbia na rafiki yake wa tangu utotoni, Joseph Kibunja, akarudi na dhahabu mbili, za mita 5000 na 10,000, pamoja na rekodi za dunia.

Fikirini kazi ya huyo rafiki. Ili umwongoze mtu anayevunja rekodi ya dunia, lazima uweze kwenda naye kasi ile ile na ubakiwe na pumzi ya kumwambia "kona hiyo". Mapafu ya Wanyoike yalikuwa yale yale kabla na baada ya usiku ule wa 1995. Kilichokuwa kimepotea, ukiacha macho, ni mtu wa kushika ncha ya pili.

Wa pili ndiye aliyenilisha mimi miaka yote hii, kwa sababu kazi yangu ni kufundisha maandishi ya wasioona aliyoyabuni. Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809, Coupvray, kijiji kilichoko mashariki ya Paris. Baba yake alikuwa fundi ngozi, akitengeneza hatamu na matandiko ya farasi. Louis akiwa na miaka mitatu aliingia karakana ya baba, akachukua msharasi, kile chuma chenye ncha wanachotobolea ngozi mafundi viatu. Ukateleza, ukamchoma jicho. Jicho likaambukizwa, maambukizi yakahamia la pili. Alipofika miaka mitano alikuwa haoni kabisa.

Wazazi, hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize sana. Wale wazazi wawili wa kijijini, katika karne ambayo mtoto asiyeona aliwekwa barabarani aombe, walimpeleka Louis wao shule ya kijiji akae na watoto wenzake. Mwaka 1819, akiwa na miaka kumi, akapata nafasi katika shule ya vijana wasioona huko Paris. Vitabu vilikuwepo, lakini vya namna gani! Herufi za kawaida, kubwa, zimebinuliwa kwenye karatasi nene, na mtoto anapapasa moja moja mpaka anasahau sentensi ilianzaje. Na kuandika mwenyewe kwa namna ile ilikuwa haiwezekani. Yaani walifundishwa kusoma kwa shida yale yaliyoandikwa na wanaoona, na wao wenyewe hawakuwa na kalamu.

Kisha akafika Charles Barbier, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi, na mfumo wake wa nukta zinazosomwa kwa kidole. Ulikuwa na nukta 12 kwa kila alama, na alama zilishika sauti badala ya herufi. Wazo lilikuwa zuri, ila nukta 12 hazienei kwenye ncha ya kidole. Mtu anayeona asingeligundua hilo upesi. Aliyeligundua ni mvulana mwenye vidole. Aliifanyia kazi usiku na wakati wa likizo, na mwaka 1824, akiwa na miaka 15, alikuwa ameshuka hadi nukta sita. Mwaka 1829 akauchapisha mfumo wake.

Nimekuja na trei ya mayai, muione. Nimeikata nikabakiza vishimo sita: viwili kwa upana, vitatu kwa urefu. Na hizi ni ndimu. Ndimu moja, juu kushoto: hiyo ni a. Ongeza moja chini yake: b. Herufi kumi za mwanzo zote zinatumia vishimo vinne vya juu tu. Kumi zinazofuata ni zile zile, umeongeza ndimu ya chini kushoto. Kwa hiyo a ikiongezewa inakuwa k, b inakuwa l. Mtoto akishika kumi, ameshika ishirini. Kwa vishimo hivi sita unapata alama 63, zinazotosha herufi, tarakimu, hata muziki. Louis mwenyewe alikuwa mpiga kinanda kanisani.

Sasa tazameni w. Kulia ndimu zote tatu, kushoto moja ya katikati. Imekaa nje kabisa ya mpangilio, kwa sababu Kifaransa cha wakati ule hakikuihesabu, ikaja kuongezwa baadaye. Kwetu sisi w ndiyo wewe, ndiyo watu, ndiyo mwalimu, ndiyo Mwanza. Kwa hiyo mimi huifundisha wiki ya kwanza, sisubiri zamu yake ifike.

Mnadhani shule ilimshangilia Louis? Wanafunzi ndiyo. Wakubwa, hapana. Ilifika wakati mkuu mpya akapiga marufuku nukta zile na vitabu vikachomwa moto. Watoto wakaendelea kuandikiana kwa siri mpaka marufuku ikalegea, na mwaka 1844 mfumo ukaoneshwa hadharani. Mimi ni mwalimu, na jambo hili huniuma kila nikilisema, kwa sababu naamini naijua sababu yake: walimu wanaoona hawakuweza kuzisoma zile nukta kwa macho yao, wakaona darasa linawatoka mkononi. Braille alikufa kwa kifua kikuu tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Shule yake iliukubali mfumo huo rasmi mwaka 1854. Hakuiona siku hiyo.

Na kifaa cha kuandikia nukta zake ni hiki hapa: kipini kidogo, mbele kina ncha ya chuma. Fundi yeyote wa viatu akikiona atasema ni mdogo wake msharasi.

Wa Misri nitampitia haraka. Taha Hussein alipoteza macho akiwa mtoto mdogo, akahifadhi Kurani, akapata shahada ya uzamivu Cairo mwaka 1914, akaenda kusoma Ufaransa. Kule alikutana na Suzanne, msichana aliyekuwa akimsomea vitabu, wakaoana. Mwaka 1950 akawa waziri wa elimu, mtu aliyesisitiza kwamba elimu ni haki ya kila mtu kama maji na hewa. Kamba yake ilikuwa sauti ya mtu anayesoma. Na kwetu hapa Tanzania, mwaka 2010, wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany, mtu mwenye ualbino, kuwa mbunge wao, miaka ile ile ambayo watu wenye ualbino walikuwa wakiuawa kwa ajili ya viungo vyao. Huyo kamba yake ilishikwa na wapiga kura, na nawaheshimu sana watu wa Lindi kwa hilo.

Nimalizie na asiye maarufu. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa binti wa miaka 11, ameshikwa mkono na shangazi yake. Shule ya kwanza waliyokwenda iliwaambia haina nafasi ya mtoto wa aina hiyo. Alianza na trei ya mayai kama hii. Mwezi wa tano nilimpa hadithi fupi niliyoichapa mwenyewe usiku, nimechoka. Akasoma, kidole kikasimama, kikarudi nyuma, kikapita tena. Akasema, "Mwalimu, hapa umeandika nani. Nadhani ulitaka nami." Nikapapasa. M na n zinatofautiana kwa nukta moja tu, na nukta hiyo nilikuwa nimeizidisha mimi. Nilifurahi kuliko siku niliyohitimu chuo.

Sasa naomba tugawe vibao vya kuandikia nukta. Viko 14, kwa hiyo kaeni wawili wawili. Karatasi inakaa katikati ya kibao, namna hii, halafu unafunga. Tunaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu tunatoboa mgongoni mwa karatasi. Ukiigeuza, nukta zinainuka upande wa pili na zinasomeka kutoka kushoto. Kila mmoja aandike jina la mtoto wake. Mama wa safu ya tatu, umeshapata kipini? Anzia kulia, pole pole, mpaka usikie karatasi inalia.