Satini: Ujue Uzi Kabla ya Kugusa Maji

Shikamooni wakubwa. Na ninyi mafundi mliofunika cherehani zenu huko Mwanga na Ujiji mkaja, asanteni sana.

Swali ninaloulizwa kila siku ni "satini inafuliwaje?" Nami huuliza: ya uzi gani? Satini ni namna ya kufuma. Kwenye kitambaa cha kawaida uzi hupita juu ya mwenzake mmoja, ukazama chini ya wa pili. Kwenye satini hupita juu ya nyuzi nne au zaidi ndipo uzame. Mpito huo mrefu ndio unaong'aa, na ndio unaonaswa na pete, kucha au kibanzi cha kiti. Ukinaswa, usikate. Geuza nguo, uvute uzi ndani taratibu kwa sindano.

Uzi wenyewe waweza kuwa hariri, lakini satini nyingi za bei nafuu ni poliesta. Una shaka? Chomoa nyuzi mbili tatu kwenye upindo, ziunguze juu ya sahani ya bati. Hariri hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka, ikipoa huacha tone gumu.

Hariri ifueni kwa maji baridi na sabuni laini, muianike kivulini. Jiki msiisogeze kabisa, inaila. Poliesta ni mvumilivu, ila mafuta huing'ang'ania, na sisi watu wa Kigoma harusi zetu ni migebuka na mawese! Mawese yakidondoka, mwagia poda ya watoto, iache inyonye, kung'uta. Kisha tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na ugandamize kwa kidole. Ukisugua, mng'ao unapotea pale pale na haurudi. Wala usipige pasi doa likiwapo, joto hulikaza.

Pasi ya mkaa ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa kuwa haina kipimo. Jaribu kwanza kwenye kipande, kisha piga upande wa ndani juu ya kitambaa cha pamba. Hariri usiinyunyizie maji, matone huacha alama.

Mafundi, pini ziingie kwenye nafasi ya mshono tu, matundu yake huonekana. Sindano iwe mpya, namba 9 au 11. Na mteja asiondoke bila kuambiwa gauni lake ni la uzi gani.

Haya, leteni vipande mlivyokuja navyo tuviunguze.