Sodo, mkanda na gundi: shida ilikuwa kushikilia

NEEMA: Shikamoo Bi Zuhura. Wasikilizaji, karibuni. Leo tunazungumzia jinsi wanawake walivyojisitiri wakati wa hedhi enzi na enzi. Wengi huanzia Misri ya kale, eti huko walitumia tamponi za mafunjo, yaani vizibo vya kunyonya damu vinavyowekwa ukeni.

ZUHURA: Marahaba. Hiyo tuifute kwanza. Hati ya Ebers, maandishi ya tiba ya Wamisri ya kama mwaka 1550 kabla ya Kristo, inataja nyuzi zilizolowekwa asali, mgunga na tende, zikawekwa ukeni. Lakini hiyo ilikuwa dawa ya kuzuia mimba, hedhi haimo. Mmoja alisoma vibaya, wengine wakanakili.

NEEMA: Basi tuanze na kipimo. Kwa kawaida damu ya mwezi mmoja ni mililita 30 hadi 40, yaani vijiko vya chai 6 hadi 8, na hizo zinagawanywa kwa siku kadhaa. Ikizidi 80, tunaita hedhi nzito.

ZUHURA: Sasa ona. Kiasi hicho kitambaa chochote cha pamba kilichokunjwa kitakimeza. Kilichowasumbua wanawake ni kukiweka kitambaa pale pale mtu akitembea, akiinama, akitwanga.

NEEMA: Na huku Pwani jibu lilikuwa sodo.

ZUHURA: Eeh. Mwali akivunja ungo, somo yake, yaani kungwi wake, alimfundisha. Unachukua nguo ya pamba kuukuu, kwa sababu iliyofuliwa sana imelainika na inanyonya upesi kuliko mpya, ambayo bado ina wanga wa kiwandani. Unaikunja kwa urefu, unaipitisha katikati ya mapaja, ncha ya mbele na ya nyuma unazishikiza kwenye kamba ya kiunoni. Kamba ikilegea, kitambaa kinateleza nyuma. Ikikazwa mno, kinachubua mapaja.

NEEMA: Kufua je? Hapo ndipo watu wanapokosea mpaka leo.

ZUHURA: Maji baridi kwanza! Maji ya moto yanaigandisha protini ya damu ndani ya nyuzi, doa halitoki tena. Suuza mpaka maji yawe meupe, ndipo utie sabuni, sugua, suuza tena, anika juani. Tabu ni ile aibu: kitambaa kinafichwa chini ya godoro au nyuma ya mlango, hakikauki sawasawa, kinaota ukungu, halafu mtu anawashwa na hajui kwa nini. Ukiona haya, kifunike kwa kanga nyepesi, lakini kibaki juani.

NEEMA: Tuongeze kwamba wanawake wa zamani hawakuingia mwezini mara nyingi kama sasa. Mimba na kunyonyesha vilikata miezi mingi. Kwa Wadogon wa Mali, watafiti walikadiria mwanamke anapata hedhi kama 100 maishani. Asiyetumia dawa za kuzuia mimba mjini leo, na mwenye watoto wachache, anakaribia 400.

ZUHURA: Ulaya na Marekani nako, jambo lile lile la kushikilia. Chupi za karne ya 19 zilikuwa pana na wazi katikati, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kukibana kitambaa. Wakavaa mkanda kiunoni, wenye pini au vibanio mbele na nyuma.

NEEMA: Mchoro wa yule somo wa Pwani kabisa.

ZUHURA: Mama mmoja, baba mmoja! Vita Kuu ya Kwanza ikaleta Cellucotton, nyuzi za mbao zilizotengenezwa na Kimberly-Clark kwa ajili ya kufungia vidonda. Zilinyonya kama mara tano ya pamba, na kwa bei nafuu. Wauguzi wakaanza kuzitumia siku zao. Baada ya vita kampuni ikazifunga kwa shashi, ikaziita Kotex, 12 kwa senti 60. Wanawake waliona aibu kumwomba muuzaji mwanamume, basi madukani pakawekwa kisanduku cha hela: tia, chukua, nenda zako.

NEEMA: Lakini ilihitaji mkanda bado.

ZUHURA: Bado kabisa. Shashi iliachwa ndefu pande zote mbili ili ipite kwenye vibanio. Lastiki ikichoka, pedi inahama. Mary Kenner, Mmarekani mweusi, alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1956 ya mkanda unaorekebishika, na baadaye ya ule wenye mfuko usiopitisha unyevu. Kampuni iliyotaka kuununua ikajiondoa ilipojua yeye ni mweusi. Gundi ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati chupi za kubana zilipokuwa za kawaida. Bila chupi ya kubana, gundi ni bure.

NEEMA: Tamponi?

ZUHURA: Earle Haas, daktari wa Denver, alipata hataza ya ile yenye mrija wa karatasi ngumu wa kuiingizia mwaka 1933. Leona Chalmers naye akapata ya kikombe cha mpira cha kukingia damu ukeni mwaka 1937. Funzo kubwa ni la tamponi iitwayo Rely: povu la poliesta na selulosi maalumu, inayonyonya mno. Wanawake waliiacha ndani muda mrefu, bakteria wa stafilokoki wakatoa sumu, wengine wakafa. Iliondolewa sokoni Septemba 1980.

NEEMA: Sasa kwa anayeshona sodo za kufua, zenye mabawa na vifungo chini ya chupi?

ZUHURA: Tabaka la kuzuia maji liwe chini, la kunyonya katikati, pamba laini juu. Shona kingoni tu, wala usipitishe sindano katikati ya lile la chini. Kila tundu ni njia ya damu.

NEEMA: Na vifungo?

ZUHURA: Weka jozi mbili kwa umbali tofauti. Chupi hazilingani upana.