Kusoma kitabu cha picha kwa mapigo ya juba

Karibuni. Leo tunawasomea watoto wa miaka 4 hadi 7 kitabu cha picha kuhusu dansi za Wamarekani Weusi, tukipiga juba, yaani mapigo yao ya kupiga mwili kwa viganja.

Anza na kitabu chenyewe. Vingi vina kurasa 32. Kipitie chote mapema, utafute picha 2 au 3 zenye mchezaji aliye katikati ya mwendo: mguu uko hewani, sketi imefura. Kama maneno ni ya Kiingereza, andika Kiswahili chake kwenye vikaratasi. Ukitafsiri papo hapo utasitasita, na mapigo yatapotea.

Watoto wakae mkekani nusu duara, wasizidi 15. Usilipe dirisha mgongo, la sivyo wataona kivuli cha kitabu tu.

Mara ya kwanza soma bila kukatiza. Mara ya pili ndipo juba. Tazama mkono wa kulia: kiganja kinapiga paja kikipanda, kinapiga kifua, kisha mgongo wa kiganja unapiga paja ukishuka. Paja, kifua, paja. Kushoto umeshika kitabu. Waelezee kwa ufupi: baada ya uasi wa watumwa wa Stono wa 1739, sheria ya 1740 ya South Carolina, Marekani, iliwakataza watumwa ngoma, mapigo yakaendelea kwenye mapaja, viganja na nyayo. Sema wazi ni ngoma ya kupigwa, maana kwa Kiswahili watadhani ni ya kuchezwa.

Watoto wakikimbiza mapigo hadi yakawa kelele, ujue ulianza haraka mno. Simamisha, tamka “pa-ki-pa” polepole, rudieni. Anayejiumiza akunje kiganja kidogo kama kikombe. Sauti hutoka hapo, si kwenye nguvu.

Ukifika kwenye picha uliyochagua, nyamaza. Uliza: “Mguu huu utatua wapi?” Hesabu moyoni hadi 5. Mtoto aonyeshe kwa mguu wake, nawe usimsahihishe. “Mmependa?” haifai, wataitikia “ndiyooo” na mazungumzo yameisha.

Kitabu kikiwa na ring shout ya pwani za Georgia na South Carolina, weka mzaha pembeni. Ile ni ibada. Watu huzunguka kinyume cha saa, nyayo zikiburuzwa sakafuni, miguu isipishane, kwani kuipishanisha kulihesabiwa kuwa dansi. Onyesha mzunguko kwa kidole, watoto wapige makofi wakiwa wamekaa. Inatosha.

Mwisho, gawa karatasi na kalamu za rangi. Kila mtoto achore ukurasa wa 33.