Karatasi Iliyobandikwa Mlangoni: Fomu 34A na Hesabu ya Kura za Urais Kenya

Mabibi na mabwana, wazee wetu, na nyinyi vijana mlioacha shughuli zenu jioni hii, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie teknolojia ya uchaguzi, na najua wengi mnasubiri habari za seva, zile kompyuta kuu za Tume ya Uchaguzi zinazopokea matokeo. Seva nitaifikia. Naomba tuanzie mlangoni mwa darasa la shule ya msingi, saa nane za usiku, msimamizi wa kituo akiwa na gundi mkononi anabandika karatasi ukutani. Karatasi hiyo ni Fomu 34A, fomu ya matokeo ya kura za urais ya kituo kimoja. Yote yanayofuata katika uchaguzi wa rais, mpaka tangazo la Bomas, kituo cha taifa cha kujumlisha kura jijini Nairobi, ni kujumlisha karatasi za aina hiyo.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Fedha nyingi na maneno mengi tumeyapeleka kwenye mashine. Kinachomwezesha Mkenya wa kawaida kujua kama matokeo ni ya kweli ni karatasi iliyo mlangoni na picha yake iliyo kwenye tovuti. Vitu hivyo viwili vinahitaji sheria kali kuliko iliyopo leo.

Kumbukeni tulikotoka. Baada ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Kriegler ilichunguza na kusema haiwezekani kujua nani alishinda, kwa jinsi hesabu ilivyovurugwa. Mwaka 2013 tukaletewa vifaa vya kutambua wapiga kura na vya kutuma matokeo. Vingi vikazimika siku yenyewe, na kwenye skrini za matangazo idadi ya kura zilizokataliwa ikaonekana imezidishwa kwa nane kwa sababu ya kosa la programu. Mwaka 2017 vikaja vifaa vya KIEMS, vya kielektroniki, vinavyotambua wapiga kura na kutuma matokeo. Vilituma vitu viwili kwa pamoja: tarakimu zilizochapwa na msimamizi, na picha ya fomu. Tarakimu zikafika upesi, picha zikachelewa, na nchi nzima ikatazama namba ambazo hakuna aliyeweza kuziona kwenye karatasi. Tume ya Uchaguzi, IEBC, ambayo hapa naiita Tume, ilipofika mahakamani ikasema zile za kwenye skrini zilikuwa takwimu tu. Tarehe 1 Septemba 2017, majaji wanne wa Mahakama ya Juu dhidi ya wawili walifuta uchaguzi huo. Mahakama hiyo ilikuwa imeamuru seva zifunguliwe zikaguliwe. Tume haikutii ipasavyo, na majaji wakalihesabu hilo dhidi yake. Fomu 34C yenyewe, ile ya jumla ya taifa, haikuwa na alama za usalama zilizotarajiwa.

Kabla ya hapo, tarehe 23 Juni 2017, Mahakama ya Rufani ilikuwa imetoa uamuzi katika kesi ya mwanaharakati Maina Kiai ambao kwangu ndio nguzo ya mambo haya yote: matokeo yanayotangazwa kituoni ni ya mwisho, na hakuna afisa wa Nairobi mwenye ruhusa ya kuyabadilisha. Ibara ya 86 ya Katiba inasema jambo hilohilo kwa maneno mapana, kwamba mfumo uwe rahisi, sahihi, unaoweza kuthibitishwa, salama na wa wazi, na kura zihesabiwe na kutangazwa upesi kituoni.

Sasa tuifungue fomu yenyewe, maana huku ndiko watu wengi hawajawahi kufika.

Kituo kimoja kwa sheria hakizidi wapiga kura 700. Shule yenye wapiga kura 2,600 itakuwa na vituo vinne, na kila kimoja kina fomu yake. Juu ya fomu pana jina la kituo, namba yake katika shule, na msimbo mrefu. Someni msimbo, msiridhike na jina, kwa sababu majina ya shule yanajirudia nchini na "kituo 2 kati ya 4" huchanganywa kwa urahisi na "3 kati ya 4". Kisha kuna idadi ya waliosajiliwa, kura zilizokataliwa, zenye mzozo, kura halali, kura za kila mgombea, saini za mawakala wa vyama na wagombea, saini za msimamizi na naibu wake, na nafasi ya maoni.

Hesabu ya kwanza ni nyepesi: kura za wagombea wote zikijumlishwa lazima zilingane na kura halali. Zikikosana, mara nyingi sababu ni uchovu. Kituo kimefunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, kimefungwa saa kumi na moja jioni, kisha watu walewale wanahesabu nyadhifa sita. Mtu aliyekesha huandika 69 badala ya 96, au huiandika kura ya mgombea katika mstari wa jirani yake. Ukiikuta tofauti inayogawanyika kwa tisa bila baki, anza kushuku tarakimu zilizogeuzwa: 96 toa 69 ni 27. Wahasibu wanaijua mbinu hii tangu zamani, na mawakala wetu wangefaa kufundishwa.

Hesabu ya pili ni kulinganisha kura zote, halali pamoja na zilizokataliwa, na idadi ya watu ambao kifaa kiliwatambua kituoni. Kura zikipungua kidogo si ajabu, kwani mtu huweza kutoka na karatasi mfukoni au kuitumbukiza katika sanduku la gavana. Zikizidi, hapo kuna swali la kujibiwa, na jibu moja la halali ni kwamba kifaa kilishindwa kufanya kazi, wapiga kura wakatambuliwa kwa daftari la karatasi. Hilo liliruhusiwa sehemu za Kakamega na Makueni mwaka 2022. Msimamizi aliandike katika nafasi ya maoni. Nafasi hiyo ikiachwa tupu, kosa dogo linageuka kesi.

Wakala asiyeridhika anaweza kudai kura zihesabiwe upya, mara mbili na si zaidi. Adai palepale, kabla ya kuweka saini. Kanuni zinasema wazi kwamba kukosekana kwa saini ya wakala peke yake hakubatilishi matokeo, kwa hiyo anayesusia na kutoka nje kwa hasira amejinyima nafasi yake bila kumzuia yeyote. Aandike sababu za kukataa ndani ya fomu na achukue nakala yake.

Kutoka kituoni karatasi inakwenda kwa msimamizi wa uchaguzi wa eneobunge, naye anajaza Fomu 34B, mstari mmoja kwa kila kituo. Mwaka 2022 vituo vilikuwa 46,229 na maeneobunge ni 290, yaani wastani wa mistari kama 160. Makosa ya 34B yana tabia zake: mstari kurukwa, kituo kuandikwa mara mbili, au safu kusogea hatua moja hivi kwamba kura za mgombea wa kwanza zinaangukia kwa wa pili katika ukurasa mzima. Hili la mwisho ni hatari zaidi, kwa sababu jumla ya kura halali hubaki ileile na jicho la haraka halioni kitu.

Nirudi kwenye teknolojia. Mwaka 2022 Tume iliacha kutuma tarakimu, ikatuma picha peke yake na kuziweka kwenye tovuti ya umma. Ulikuwa uamuzi mzuri kuliko vyote vya teknolojia vilivyofanywa na Tume hiyo, na nausifu bila kusita. Kufikia siku ya tangazo, zaidi ya fomu 46,000 zilikuwa wazi kwa yeyote mwenye simu. Palipozuka madai kwamba fomu zilibadilishwa njiani, Mahakama ya Juu ililinganisha fomu za tovutini na za karatasi, na hazikuonyesha tofauti ya maana. Tarehe 5 Septemba 2022 majaji wote kwa kauli moja wakaidhinisha matokeo.

Lakini tuone pia kilichokwama. Vyombo vya habari vilianza kujumlisha vyenyewe, kila kimoja kikianzia kona yake ya nchi, na jioni moja runinga mbili zikaonyesha wagombea tofauti wakiongoza. Hakuna aliyedanganya, walikuwa wamejumlisha fomu tofauti. Watu wakaingiwa na hofu bure. Kisha zikaja asilimia nne zilizotangazwa, moja kwa kila mgombea: 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23. Zijumlishe, utapata 100.01. Makamishna wanne wa Tume walisimama hadharani na kudai kwamba ziada hiyo ya 0.01 ni kura zipatazo 142,000. Kura halali zilikuwa milioni 14.2. Asilimia moja yake ndiyo 142,000, asilimia 0.01 ni kama 1,420, na hata hizo hazikuwa kura za mtu, zilitokana na kukadiria desimali kwa wagombea wanne. Nalitaja hili kwa sababu taifa lilipandishwa presha na hesabu ya darasa la saba, na jedwali la wazi la vituo vyote lingeizima hoja hiyo kwa dakika tano.

Kifungu cha 39(1C) cha Sheria ya Uchaguzi kinaiamuru Tume iweke fomu kwenye tovuti ya umma. Hakisemi kwa namna gani, wala kwa muda gani. Hapo ndipo nataka Bunge lifanye kazi.

Kwanza, pamoja na picha, Tume itoe jedwali la tarakimu, mstari kwa kila kituo, katika faili ambalo kompyuta yoyote inasoma. Litolewe kila eneobunge linapomaliza 34B yake, na liwe limekamilika kabla mwenyekiti hajatangaza. Picha bila jedwali humlazimu kila mtu kuchapa upya. Fomu 46,229 kwa dakika mbili kila moja ni zaidi ya saa 1,540 za kazi. Watu mia moja watamaliza kwa saa kumi na tano na nusu, na ukitaka kila fomu ichapwe mara mbili na watu wawili wasioonana, kama inavyopasa, ni saa thelathini na moja. Chama kikubwa kitamudu. Raia hamudu.

Pili, picha ipewe alama ya kidijitali ndani ya kifaa kabla haijatumwa. Kuna programu inayolipiga faili hesabu na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha nukta moja ya picha, mfuatano wote unabadilika. Msimamizi asome herufi na tarakimu 12 za kwanza kwa sauti, aziandike katika shajara ya kituo, na mawakala waziandike kwenye nakala zao. Kunakili zote 64 saa tisa usiku ni kuomba makosa. Jambo hili linataka uangalifu mmoja: mwaka 2022 tovuti ilionyesha mafaili ya PDF, na kila ubadilishaji wa namna hiyo baada ya alama kupigwa unaiharibu alama. Ama kifaa kibadilishe kwanza ndipo kipige alama, ama picha asilia itolewe kando ya PDF.

Tatu, kila picha ionyeshe saa iliyopigwa na saa iliyopokelewa. Kuna vituo zaidi ya 1,000 ambavyo havikuwa na mtandao wa 3G mwaka 2022 na vilihitaji setilaiti, au msimamizi kusafiri hadi penye mawimbi. Kuchelewa kwao kunaeleweka ikiwa saa zote mbili zinaonekana. Zikifichwa, kila fomu ya Turkana itaitwa ya kughushi.

Jambo la nne linawagusa mawakala. Fomu ina majina yao, namba za vitambulisho na saini, na yote hayo hupandishwa tovutini pamoja na kura. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Uwazi wa kura hauhitaji namba ya kitambulisho cha wakala wa Garissa isomwe dunia nzima. Namba hizo zihamishiwe katika karatasi ya pili ambayo mahakama inaweza kuitaka.

Na sisi wananchi? Uchaguzi mkuu ujao, kwa Katiba, ni Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027. Eneobunge moja lina fomu kama 160. Watu wawili kwa dakika mbili kila fomu wanazimaliza kwa chini ya saa sita kila mmoja, hata kama wote wawili watachapa zote ili kulinganisha. Hii ni kazi ya usiku mmoja kwa kikundi cha vijana wa mtaa.

Fikeni vituoni alfajiri, fomu ikiwa bado mlangoni, kwa kuwa mvua na mikono huichana mapema. Pigeni picha mbili: moja ya fomu ikiwa na pembe zote nne, nyingine ya mlango mzima ukionyesha ni kituo gani. Msitumie mwanga wa simu, kwani nakala ya kaboni hung'aa na tarakimu zikapotea, subirini kupambazuke. Mkizituma kwa WhatsApp, zitumeni kama faili la hati, maana zikienda kama picha hubanwa na 3 ikaonekana 8. Picha asilia ibaki katika simu iliyoipiga. Msipige kabisa picha ya karatasi ya kura iliyowekwa alama. Hiyo ni siri ya mpiga kura.

Ombi la kupinga matokeo ya urais lazima liwasilishwe ndani ya siku saba tangu tangazo, na Mahakama ya Juu ina siku kumi na nne za kuamua. Mtu anayeanza kutafuta fomu siku ya tano ameshachelewa. Kwa hiyo kila anayetaka kushiriki achague vituo vyake mapema, aandike misimbo yake, na akubaliane na mwenzake nani atafika mlango upi.